Jinsi ya kuandika mpango wa miaka 10 wa hifadhi ya wanyama (anzia nje ya fensi)

Kwanza niseme mimi si daktari wa wanyama wala sijasomea mambo ya mbuga. Nakaa Rongai, kazi yangu ni ya hesabu kwa ofisi huku town, na niliingia kwa hii stori juu kuna familia kadhaa kule ng'ambo ya mto Mbagathi ziliunganisha mashamba yao zikafanya hifadhi ndogo ya jamii, na zilikuwa zinatafuta mtu wa "kupiga taipu tu". Nikasema sawa, wikendi mbili tatu nitakuwa nimemaliza. Huu ni mwaka wa 4 na bado naenda. Naandika hii kwa sababu kila mara napata mtu ananiuliza, nyinyi mliandikaje ule mpango wenu, hebu tutumie tukopi. Usikopi jamani, nitakwambia kwa nini.

Kabla niingie walikuwa wamemlipa mtaalamu fulani awaandikie. Akaleta kitabu cha kurasa 140, kava inang'aa, picha ya machweo na mti wa mgunga, kila mtu akafurahi. Mimi nikapewa nisome makosa ya taipu. Kufika katikati nakuta sura nzima ya namna ya kuzuia tembo wasiingie kwa mashamba ya mahindi. Hatuna tembo. Hata mbuga ya Nairobi yenyewe, jirani yetu mkubwa, haina tembo wa porini, ukiondoa wale watoto yatima wanaolelewa kwa Sheldrick. Kumbe jamaa alichukua mpango wa mahali pengine akabadilisha jina, na tembo wakamponyoka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kitabu kilikuwa kimekaa kabatini mwaka mzima na hakuna mtu alikuwa ameona hao tembo, maanake hakuna mtu alikuwa amekisoma.

Kwa hivyo hapa nitasema vile sisi tulifanya mara ya pili, wenyewe, polepole, na mahali tulikosea.

Sheria kwanza, haraka haraka

Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 44, inasema mbuga za taifa, hifadhi za taifa, hifadhi za jamii na zile za watu binafsi ziendeshwe kwa mpango wa usimamizi. Yale yanayotakiwa yawe ndani ya mpango yameorodheshwa kwenye Jedwali la Tano, mwisho mwisho wa hiyo sheria. Lisome, si refu. Na lazima wananchi wahusishwe kwa kweli, si ile ya kukusanya sahihi kwa karatasi ya mahudhurio baada ya soda. Nenda pia ofisi ya KWS (shirika la serikali la wanyamapori) iliyo karibu na wewe mapema, uwaambie mnaanza, usingoje ukimaliza ndio upeleke kama mtoto analeta ripoti ya shule. Wako na ramani, wako na rekodi za miaka, na wengine wao wamekaa hapo muda mrefu kuliko mwenyekiti wenu.

Haya tuingie kazini.

Chora mpaka halafu uusahau kidogo

Kosa la watu wengi ni kufungua ramani, kuchora mstari kuzunguka hifadhi, halafu kuanza kuorodhesha kilicho ndani. Wanyama hawajui huo mstari. Chukua mfano ulio mbele ya macho yetu hapa Nairobi. Mbuga ilitangazwa rasmi mwaka wa 1946, ikawa mbuga ya kwanza ya taifa hapa Kenya, ni kilomita za mraba 117 hivi, ukilinganisha na Tsavo ni kama ua wa nyumba. Pande tatu ina fensi, upande wa kusini ambako mto unapita iko wazi. Watu wanafikiri upande wa kusini uliachwa wazi kwa uvivu ama pesa iliisha. Sivyo. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wanatoka wanashuka nyanda za Athi na Kapiti kutafuta nyasi fupi, laini, zile ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai wamezipunguza, kwa sababu nyasi ndefu ni ngumu mdomoni na simba hujificha ndani yake. Kiangazi kikiingia wanarudi mbugani juu maji ya kudumu yako huko. Kwa hivyo ukipangia zile kilomita 117 peke yake umepangia nusu ya mwaka tu, hiyo nusu nyingine iko kwa mashamba ya watu wa Kitengela, Isinya na kwingineko, watu wenye hati miliki na watoto wa kulipia karo.

Ndio maana hoja ya kufunga huo upande wa kusini kwa fensi, iliyokuja na rasimu ya mpango wa mbuga ya 2020, ilizua kelele. Wapo wanaosema kwa uchungu tu, njia ishaziba na majumba, afadhali tufunge tuokoe kilichobaki. Siwalaumu, nikipita Kitengela naona wanachosema. Lakini mimi sikubaliani nao. Mtu yeyote aliyefuga kuku anajua, ukikaa na jogoo mmoja miaka na miaka vifaranga vinaanza kutoka vibovu, unaenda kwa jirani mnabadilishana jogoo. Simba waliofungiwa mahali padogo ni hivyo hivyo, itabidi uwe unawabebea wageni kwa lori milele na milele, na hiyo ni bajeti.

Sasa fanya hivi. Printi picha ya setilaiti ya eneo lenu, kubwa, ifunike meza. Iwe imepita mpaka wenu kwa mbali, sisi tulichukua kilomita 15 kila upande. Printi nakala mbili. Moja andika MASIKA, nyingine andika KIANGAZI. Halafu wapelekee wazee na wachungaji na kalamu za rangi, wewe nyamaza.

Sisi tulifanyia kwa jengo la kanisa. Mzee mmoja akaja akageuza picha juu chini kwanza, akasema sasa ndio naona vizuri, hivi ndivyo nasimama nikitoka nyumbani. Akakaa kimya labda dakika 10 anafuata laga (mto wa msimu) kwa kidole, watu wanaanza kukohoa. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii picha ilipigwa lini?" Nikamwambia kama miaka 3 iliyopita. Akasema basi imezeeka. Akaweka kidole mahali sisi tulikuwa tumeandika kwa penseli "hakuna kitu", katikati ya ploti mbili, akasema pundamilia wote mnaowaona huku wanapitia hapa, hawana pengine, na hii ya kushoto imeuzwa mwezi uliopita, nguzo za zege zishashushwa. Tulienda siku hiyo hiyo na boda. Kweli, nguzo zimepangwa chini ya mti zimefunikwa na turubai, na huo mwanya tukaupima kwa miguu, hatua 80. Hatua 80! Hifadhi nzima, kitabu cha kurasa 140, na mlango wake ulikuwa hatua 80 ambazo hazikutajwa hata kwa sentensi moja.

Mwenye ploti tulimpata, ni mtu wa Nairobi kama mimi tu, mpole, akatuambia hakuna mtu alikuwa amewahi kumwambia wanyama wanapita hapo, yeye alinunua akaona nyasi. Tukaongea mara 3, akakubali kuzungushia nyumba na zizi peke yake aache sehemu ya chini wazi. Hiyo ndiyo ikawa ukurasa wa kwanza wa mpango wetu. Na kama tungeanza na mambo ya ndani tungekuwa tunajadili rangi ya geti wakati zile nguzo zinasimamishwa.

Chagua vitu vichache vya kulinda

Huwezi kupangia kila mdudu. Chagua vitu 5 hadi 8, vile ambavyo vikiwa salama na vingine vinakuwa salama. Na visiwe wanyama wakubwa tu wa kwenye kalenda. Sisi tuliweka: nyumbu na pundamilia wanaohama, simba, miti ya kando ya mto, nyasi zenyewe, na njia. Ndio, njia ni kitu cha kulindwa kama vile faru ni kitu cha kulindwa. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu ndege, mbuga ya Nairobi peke yake ina aina zaidi ya 400, na kuna mama mmoja kwenye kamati ambaye hakutaka kusikia wameachwa, tukaishia kuwaweka pamoja na miti ya mto na bado hajafurahi.

Kila kimoja kiulize maswali mawili: kinahitaji nini ili kiishi, na ni nini kinakimaliza. Kisha kwa kila jibu uliza "kwa nini" mpaka ufike mahali huwezi kuuliza tena. Mfano, nyumbu wanapungua. Kwa nini? Njia zinazibwa na fensi. Kwa nini? Mashamba yanakatwa ploti. Kwa nini? Mwenye shamba anauza ekari moja Januari. Kwa nini Januari? Karo. Sasa umeona tatizo la nyumbu lilipo, liko kwa ofisi ya bursa wa shule, na wewe ulikuwa unataka kuandika "kuongeza marenja 6 na gari".

Kuna watu waliligundua hili zamani. Mwaka wa 2000 huku Kitengela ulianzishwa mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyama, mwenye shamba alikuwa analipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na yeye anakubali asiweke fensi, asiuze vipande, aache wanyama wapite na ng'ombe wake waendelee kula hapo hapo. Na malipo yalifuata mihula ya shule. Mimi huyo aliyefikiria tarehe za malipo namvulia kofia kuliko aliyefikiria bei. Shida yake ni kwamba pesa ya namna hiyo inategemea wafadhili, na bei ya ardhi karibu na mji haimngoji mfadhili. Kwa hivyo kwenye mpango wako ukiandika malipo yoyote kwa watu, mstari unaofuata uwe: na mfadhili akiondoka, je? Kama huna jibu andika kwamba huna jibu, usipake rangi.

Tena usisahau vitu visivyo na miguu mirefu. Kuna lile gugu la partheniamu lenye maua meupe madogo, limeingia mbugani na linasambaa kando ya barabara, linakuja na magari na mchanga wa ujenzi. Ng'ombe halitaki, swara halitaki, linakula nafasi ya nyasi tu. Ling'olewe kabla litoe maua, na mvae glavu, linawasha ngozi vibaya, niulize mimi.

Pangia mwaka mbaya

Hapa ndipo ningependa utulie. Mipango mingi imeandikwa kana kwamba kila mwaka mvua inanyesha vizuri na watalii wanakuja. Sisi tulichukua karatasi tukaandika miaka mibaya ambayo watu wa pale wanakumbuka, ikajaa yenyewe bila kusumbua mtu. Ukame wa 2009. Ukame wa 2022, ule ambao misimu ya mvua ilikatika moja baada ya nyingine. Covid 2020, mageti kimya, hakuna mtalii, na hifadhi nyingi za jamii nchini ambazo pesa yake yote ilikuwa ya watalii zikabaki zinaombaomba mishahara. Halafu mafuriko ya 2024, Aprili na Mei, maji kila mahali kuanzia Mathare mpaka Athi River na Kitengela. Ndani ya miaka 15 unaona mabaya manne makubwa. Kwa hivyo kwenye mpango wa miaka 10 usiseme "ikitokea dharura", sema "itakapotokea", na uandike nani atafanya nini.

Kwa ukame jambo la kwanza ni malisho. Ng'ombe mwenye njaa hasomi mpango. Ukiandika tu "mifugo hairuhusiwi" kiangazi kikali kitaleta ng'ombe usiku, wataingia bila utaratibu, mtagombana na majirani ambao miaka mingine yote ndio walinzi wenu. Sisi tulikaa na wachungaji tukagawanya ardhi vipande vinne, kimoja kinaachwa kupumzika kila mwaka kama akiba, na kinafunguliwa tu ikifika alama fulani tuliyokubaliana pamoja: bwawa la juu likishuka chini ya jiwe jeupe. Hakuna kipimo cha kompyuta hapo, ni jiwe, kila mtu analiona, hakuna wa kumdanganya mwenzake. Kwa kijiji, alama ambayo kila mtu anaiona inafanya kazi kuliko kamati ya kuamua.

Jambo la pili ni maji, na hapa kuna somo chungu la nchi nzima. Julai 2018 faru weusi 11 walitolewa mbuga ya Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Wakafa wote, wa mwisho baada ya kushambuliwa na simba. Maji ya pale yalikuwa na chumvi nyingi na wale walitoka mahali pa maji baridi. Siitaji hii kumcheka mtu, kuhamisha faru ni kazi ngumu na ilikuwa imefanywa mara nyingi vizuri. Naitaja kwa sababu kila nikimwambia mtu apime maji kabla ya kuchimba kisima cha wanyama ama kuleta mnyama mpya ananiangalia kama namharibia siku. Pima. Peleka chupa maabara. Pima masika, pima tena kiangazi, maji ya kisima kimoja yanabadilika.

Kuhesabu wanyama bila kujidanganya

Huwezi kusema baada ya miaka 10 kama mmefaulu kama hamkuhesabu mwaka wa kwanza. Lakini kuhesabu ovyo ni kubaya kuliko kutohesabu, maana utapata namba na utaiamini.

Chagua njia moja, sisi yetu ni kilomita 9, mnaanza saa 12 na nusu asubuhi, watu wawili wanaangalia na mmoja anaandika, mwendo ule ule, njia ile ile, mara 4 kwa mwaka, mbili za kiangazi na mbili za masika. Anayeandika asiangalie. Hiyo inaonekana ndogo lakini mwaka wa kwanza mimi nilikuwa mwandishi na nilikuwa nikiona twiga namwandika kabla wenzangu wamtaje, nao wanamtaja tena, twiga mmoja anakuwa wawili. Karatasi iwe na saa, mahali, aina, idadi, watoto wangapi, na wako umbali gani na njia. Andika pia siku ambayo hamkuona kitu, sufuri ni namba. Na mwaka nyasi zikiwa ndefu mtaona wachache si kwa sababu wamekufa, wamejificha, kwa hivyo andika urefu wa nyasi, magotini ama kiunoni, inatosha.

Kama mko karibu na Nairobi na hamjui kutambua ndege, Nature Kenya kwa miaka mingi wamekuwa na matembezi ya Jumatano asubuhi kuanzia makumbusho, mtume kijana mmoja mwenye macho mazuri akajifunze huko miezi michache. Ni rahisi kuliko kukodi mtaalamu, na kijana anabaki nanyi.

Sasa malengo. Futa kila lengo linaloanza na "kuimarisha" ama "kuhamasisha". Yetu ya kwanza ilikuwa "kuimarisha uhifadhi wa njia za wanyama", ikawa "Kufikia Desemba 2034 ule mwanya wa hatua 80 bado uko wazi, na pundamilia wanaonekana wakipita masika na kiangazi." Mtu yeyote anaweza kwenda na miguu yake akahakikisha. Kama lengo haliwezi kuhakikishwa na mtu aliyevaa ndara, liandike upya.

Simba usiku wa manane

Sitasema mengi hapa maana kila mtu ana stori yake. Mwaka wa 2012 simba 6 waliuawa Kitengela siku moja baada ya kuvamia mifugo, na 2016 yule simba maarufu Mohawk alipigwa risasi huko Isinya mchana kweupe watu wakitazama. Sheria inatoa fidia, mtu akiuawa na mnyama familia inafaa kulipwa milioni 5, lakini kati ya kujaza fomu na kuona pesa mtu anaweza kuzeeka. Kwa hivyo mpango wenu usiegemee fidia. Uegemee boma. Waya mzuri, nguzo imara, mlango wa chuma usio na nafasi chini. Na taa. Richard Turere, kijana wa hapa hapa kando ya mbuga, alitengeneza taa zake za kumwekamweka akiwa bado mtoto, betri ya gari na sola na taa zinawaka kwa zamu ili simba afikiri kuna mtu anatembea na tochi. 2013 akaenda kuzieleza mpaka Marekani. Hazimalizi tatizo lote, simba wengine wanazizoea, lakini zikichanganywa na boma zuri ni tofauti kubwa.

Kwenye mpango andika nambari ya simu ya mtu wa kupigiwa saa 8 usiku, na andika kwamba huyo mtu analipiwa kredito. Tuliandika nambari mwaka wa kwanza tukasahau kredito, na usiku simba ameingia jamaa alikuwa anatuma "please call me" kwa kila mtu.

Barabara, reli na nguzo za stima

Daraja la SGR (ile reli mpya) ndani ya mbuga ya Nairobi ni kama kilomita 6, treni ikaanza kupita 2019. Watu waliandamana, wakaenda kortini, na nguzo zikapanda. Nilichojifunza mimi ni kwamba ukianza kubishana wakati tingatinga zimefika ushachelewa. Kwa hivyo andikeni sasa, mkiwa mmetulia: kama kuna kitu lazima kipite, kipite wapi, urefu gani juu ya ardhi, kazi isimame miezi gani, na nani anang'oa magugu baadaye. Na mtu mmoja kwenye kamati apewe kazi ya kusoma matangazo ya NEMA (mamlaka ya mazingira) gazetini, maana ripoti za athari kwa mazingira zinatangazwa na siku za kutoa maoni zinahesabiwa, zikipita zimepita.

Kugawanya maeneo ndani ya hifadhi, wapi magari yaingie na wapi kusiingie mtu, ni rahisi ukishamaliza hizo ramani mbili. Tulimaliza kwa mchana mmoja.

Pesa

Hii ndiyo sehemu yangu kwa hivyo nivumilieni. Usiandike bajeti moja. Andika tatu kwa safu. Ya kwanza ni ya kubaki hai: marenja wangapi hawawezi kuachishwa hata mwaka wa Covid, mafuta ya pikipiki, dawa, kredito. Ya pili ni ya kufanya kazi vizuri. Ya tatu ni ndoto, weka gari hapo, weka ofisi yenye vigae hapo. Kisha hakikisha safu ya kwanza inalipwa na kitu kisichotegemea watalii, kwetu ni michango ya familia zenyewe na kodi ya mwenye mzinga, ndio, mtu wa asali anatulipa kuweka mizinga. Ni pesa kidogo sana na inatosha safu ya kwanza karibu yote. Mfadhili akija mpe safu ya pili. Akitaka kujenga kitu mpe ya tatu, lakini muulize nani atapaka rangi mwaka wa 6.

Kila kitu cha chuma au cha mabati, andika mwaka kitakapozeeka. Pikipiki miaka 4. Tangi la plastiki, likipigwa na hili jua, usilitegemee sana. Mpango wa miaka 10 ambao umenunua pikipiki moja tu ni mpango wa miaka 4.

Mkutano wa wananchi

Tulifanya wa kwanza Jumamosi, siku ya soko, wakaja wazee 11 na chifu. Tukaandika "jamii ilishirikishwa". Aibu. Wa pili tukauliza kwanza kina mama siku gani inafaa, wakasema Jumatano baada ya saa 8, na mkutano ufanyiwe chini ya mti karibu na kisima wala si kanisani. Wakaja wengi mpaka viti vikaisha. Na wao ndio walitaja mambo ya maji ambayo wanaume hawakujua, nani anachota wapi, bwawa gani linakauka lini, wapi fisi wanakaa alfajiri, maana wao ndio wako njiani hiyo saa.

Baada ya hapo fupisha mpango wote kurasa mbili, Kiswahili na Kimaa, maandishi makubwa, ramani moja. Ule mrefu peleka KWS na kaunti. Huu mfupi bandika posho mill, duka la dawa za mifugo, na stejini ya boda. Weka na biro ifungwe kwa uzi.

Kila Septemba kabla ya mvua za vuli tunazunguka kuzitoa hizo nakala tuone watu wameandika nini, na mwaka wa 3 ndio tunakaa kurekebisha mpango wenyewe. Nyingi zina nambari za simu za watu na hesabu za unga. Ile ya posho mill mwaka jana mtu alikuwa amechora duara kwa biro ya buluu kuzunguka bwawa la chini, lile tuliloandika ni la maji ya kudumu, akaandika pembeni: "hapa hukauka Agosti, mlikuja Juni". Tulienda Agosti. Kumekauka kabisa, matope yamepasuka, nyayo za pundamilia zinazunguka katikati halafu zinaelekea mtoni. Tumeibadilisha kwenye ramani, na biro tumeweka mpya juu ile iliibiwa.